Daftari la darasa la nne wiki hii: sifuri, chumvi na saa za maji kupwa

Mzazi ukifungua daftari la Hisabati la darasa la nne wiki hii, huenda ukakuta 13 pale palipotakiwa 103. Usiseme haraka kwamba mtoto hajui kugawanya. Kugawanya anajua, alichoruka ni sifuri.

Swali ni 618 ÷ 6 kwa njia ndefu. Sita ndani ya 6 inaingia mara 1. Unashusha 1. Sita haiingii ndani ya 1, na hapa ndipo mtoto anaponyamaza: anaona hakuna kilichotokea, hivyo haandiki kitu. Anashusha 8, anapata 18, anaandika 3. Jibu linakuwa 13. Kanuni ninayowapa ni moja: kila ukishusha tarakimu, lazima uandike tarakimu moja juu, hata ikiwa ni 0. Nyumbani mwandikieni herufi tatu juu ya swali, M ya mamia, K ya makumi na Mm ya mamoja, ili nafasi iliyobaki wazi ionekane kwa macho. Kisha azidishe kurudi nyuma: 13 × 6 ni 78, na 78 haifanani hata kidogo na 618.

Sifuri ya mwisho inasumbua zaidi. Kwenye 842 ÷ 4 wengi wanaandika 21 baki 2. Jibu ni 210 baki 2. Ile 2 ya mwisho ilishushwa, ikashindwa kugawanyika, ikageuka baki, na nafasi ya mamoja ikaachwa bila mtu.

Tatizo hilohilo limejitokeza kwenye kipindi cha Historia, tulipofika kwenye mkonge. Richard Hindorf, Mjerumani, aliagiza miche 1000 kutoka Florida. Mwaka 1893 iliyofika hai na kupandwa upande wa Pangani ilikuwa 62 tu, na mashamba ya mkonge ya mkoa wetu wa Tanga yalianzia hapo. Iliyokufa ni mingapi? Wapo walioandika 1062, yaani iliyokufa ikazidi iliyosafirishwa. Mtoto ameona 0 toa 2 haiwezekani, akageuza akafanya 2 toa 0. Wengine wameandika 948. Hawa wamekopa vizuri, ila wamesahau kwamba makumi yaliyopewa 10 yamekwisha kukopesha 1, yamebaki 9. Tisa toa 6 ni 3, kwa hiyo jibu ni 938. Mwenye 1062 na mwenye 948 wote wamekosa, lakini hawafundishwi kitu kimoja. Ndiyo maana naomba msifute kazi za daftarini kabla sijaziona.

Jiografia na Mazingira tuko kwenye maji kujaa na kupwa. Watoto wanaokaa karibu na Raskazone wanalijua jambo hili kuliko kitabu, lakini wengi wanasema upepo ndio unaojaza bahari. Upepo huleta mawimbi. Kujaa na kupwa kunatokana na mvuto wa mwezi, na jua kwa kiasi kidogo. Mwezi ukiwa mpevu au unapoandama, viwili hivi vinavuta kwa pamoja na tunapata bamvua, maji yanajaa sana na kupwa sana. Mwezi ukiwa nusu tunapata maji mafu, yanajaa kidogo na kupwa kidogo. Kwa siku maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili, na kila siku saa inasogea mbele kwa dakika 50 hivi. Zoezi: leo maji yamepwa kabisa saa 4:30 asubuhi, kesho yatapwa saa ngapi? Jibu lililoandikwa na wengi ni 4:80. Wamejumlisha kama shilingi. Wakumbusheni kwamba saa hujaa kwenye dakika 60: toa 60 kwenye 80, ongeza saa moja, inakuwa 5:20.

Sayansi ndiyo yenye kazi ya mikono. Chukueni mililita 200 za maji safi, tieni chumvi kijiko cha chai kimoja kilichosawazishwa, ambacho ni kama gramu 6. Ni chumvi pungufu kidogo ya bahari, kwa kuwa lita moja ya maji ya bahari hubeba takriban gramu 35. Koroga hadi punje zisionekane, kisha chuja kwa kitambaa. Maji yaliyochujwa bado yana chumvi. Chujio huzuia mchanga, lakini kilichomumunyuka hupita nacho. Neno hilo nalikazia: nyumbani tunasema barafu imeyeyuka na chumvi imeyeyuka, lakini kwenye somo barafu huyeyuka, chumvi humumunyuka.

Mimina kwenye sahani pana, kina kisifike sentimita moja, uiweke juani penye upepo. Ikiwa jua kali, siku moja au mbili zinatosha. Ukiacha kwenye kikombe utasubiri sana, kwa kuwa maji huvukizwa kupitia uso wake na uso wa kikombe ni mdogo. Tumieni sahani ya plastiki au ya udongo. Alumini huliwa na chumvi. Mtoto akisema "maji yameisha", funikeni sahani nyingine kwa karatasi ya nailoni na kuiacha juani. Matone yatakayojikusanya chini ya nailoni ndiyo hayo maji, na hayana chumvi.

Kiswahili kimeingia humohumo, maana ripoti za jaribio zimejaa "chumvi hiki". Mtoto ameona *ch* mwanzoni, akadhani ni ngeli ya chombo na chumba. Mpeni wingi: chombo, vyombo, kwa hiyo chombo hiki. Lakini hakuna anayekwenda dukani Ngamiani kuomba "vyumvi". Ni chumvi hii, kama chai hii, chapati hizi, choroko hizi. Chura ana wingi wa vyura, lakini ana uhai, basi ni chura huyu. Na "maji imejaa" iwe maji yamejaa. Mtoto anayesema "hichi" asigombezwe, ni lahaja ya pwani. Kwenye mtihani tu aandike hiki.

Kiingereza wanaendelea na vitenzi vya wakati uliopita, orodha iko ukurasa wa mwisho wa daftari.

Ijumaa kila mtoto aje na sahani yake bila kukwangua chumvi. Tutalinganisha fuwele, yaani punje za chumvi zilizobaki: zilizokauka taratibu kivulini huwa kubwa, zenye pembe za mraba, na zilizokauka haraka juani huwa ndogo.