Matandazo si mbolea

Siku hizi kila kitokacho kwenye mmea kikaishia bustanini kinaitwa mbolea. Majani makavu ya mwembe ni mbolea, maranda ya fundi seremala ni mbolea, na mabua yaliyofukiwa juzi tayari yamepewa jina la mboji.

Samadi ni kinyesi cha mifugo. Mboji ni mabaki ya mimea, yenye samadi ndani au isiyo nayo, yaliyooza mpaka hutambui tena yalikuwa nini. Matandazo ni chochote kinachofunika uso wa udongo: nyasi kavu, majani, pumba za mpunga, makumbi ya nazi, hata kokoto. Basi.

Penye kero ni hapo kwenye uso wa udongo. Kutandaza si kufukia. Mtu anachukua gunia la maranda, analichanganya na udongo wa tuta kwa jembe, anapanda mchicha, majani yanatoka ya njano, kisha lawama zote zinamwangukia muuza mbegu. Maranda yana kaboni nyingi na nitrojeni kidogo mno. Vijidudu vinavyoyaozesha vinahitaji nitrojeni ili viongezeke, navyo vinaichota kwenye udongo, pale pale mizizi ya mchicha inapoitafuta. Haipotei; hurudi vijidudu vikifa. Ila mchicha huvunwa ndani ya wiki chache, hauwezi kungoja. Maranda hayo hayo yakitandazwa juu, kati ya mimea iliyokwisha kushika, ugomvi huo unabaki kwenye ngozi ya juu ya udongo na mizizi ya chini haina habari.

Vipimo navyo ni mbali kabisa. Mboji inatosha unene wa sentimita 2, yaani ndoo moja ya lita 20 kwa mita moja ya mraba, ichanganywe na udongo wa juu. Matandazo ya sentimita 7 yanataka ndoo tatu na nusu kwa eneo hilo hilo, na jembe lisiguse. Ukoka mbichi uliofyekwa leo uweke sentimita 2 tu, ukauke, ndipo uongeze. Ukirundikwa mbichi unashikamana, unanuka, na maji yanateleza juu yake.

Kuna na suala la mbegu. Lundo la mboji lililopangwa vizuri na kugeuzwa hupata joto la nyuzi 55 na zaidi, na mbegu nyingi za magugu hufa humo. Matandazo hayapati joto hilo. Ukitandaza nyasi zilizokwisha kutoa mbegu, umepanda magugu kwa mikono yako mwenyewe. Pwani, makumbi yaliyokuwa yamefukiwa ufukweni kwa kazi ya kamba yana chumvi. Yasuuzwe au yapigwe na mvua kwanza.

Wakati mzuri wa kutandaza Pwani ni masika yakielekea ukingoni, mwezi Mei, udongo ukiwa umelowa. Ukifunika udongo mkavu, manyunyu yatalowesha matandazo na kuishia hapo. Mwagilia kwanza, kisha funika. Acha nafasi ya sentimita 10 kuzunguka shina, hasa la mpapai, ambalo huoza upesi likikumbatiwa na unyevu. Sehemu kavu kama Dodoma mchwa watakuja tu, kwa hiyo matandazo yasiguse ukuta wala nguzo za mbao.

Desturi ya kufagia uwanja mpaka udongo ung'ae ina sababu yake: nyoka huonekana mapema. Karibu na mlango iendelee. Ila kufagia hadi chini ya mwembe, kuchoma majani, kisha kwenda kununua mbolea ya kuupa mwembe huo huo, hapo hesabu inagoma.

Kinachowachanganya wengi ni kwamba matandazo ya mimea nayo huoza, na mwishowe huulisha udongo. Kwa hiyo anayeyaita mbolea hajasema uongo, amewahi tu kwa miezi kadhaa. Mtunza bustani wako akikuambia ameleta mbolea, na ukiangalia ni maranda, mwombe tu ayaache juu ya udongo, na chakula cha mchicha wa msimu huu akitafute kwenye samadi iliyooza.