Sigara inavyovuruga hesabu za saratani kwa wafanyakazi wa mionzi

Mfanyakazi wa kituo cha nyuklia huvaa kifuani kifaa cha kupima mionzi, na dozi yake, yaani kiasi cha mionzi alichopokea, huhifadhiwa kwa miaka mingi. Sigara anazovuta, mara nyingi, haziandikwi popote. Mtafiti akifungua kumbukumbu hizo baada ya miaka 30, ataona dozi na chanzo cha kifo. Kuhusu uvutaji, hana habari.

Piga hesabu ndogo uone uzito wa jambo hili. Hatari ya saratani ya mapafu kwa mvutaji wa muda mrefu hukaribia mara 20 ya asiyevuta. Tuseme kundi la dozi ndogo lina wavutaji 30 katika kila watu 100, na la dozi kubwa lina 40. Kundi la pili litapata saratani ya mapafu zaidi kwa takriban asilimia 28, hata kama mionzi haijamdhuru mtu yeyote.

Sasa tazama ukubwa wa kile tunachokitafuta. Utafiti wa INWORKS wa mwaka 2015, uliofuatilia wafanyakazi zaidi ya 308,000 wa Ufaransa, Uingereza na Marekani, ulikadiria kuwa vifo vya saratani za uvimbe (zisizo za damu) huongezeka kwa asilimia 47 kwa kila grei moja, kipimo cha mionzi inayofyonzwa na mwili. Kwa miligrei 100, yaani sehemu moja ya kumi ya grei, dozi ambayo wengi wao hawakuifikia katika ajira yao yote, ongezeko ni kama asilimia 5. Kitu kidogo hivyo humezwa upesi na sigara.

Lakini wafanyakazi kuvuta tu hakutoshi kuharibu matokeo. Wakivuta sawasawa katika kila ngazi ya dozi, ulinganisho unabaki salama. Tatizo huja pale uvutaji unapofuatana na dozi, mathalani mafundi wa matengenezo wanapopata mionzi zaidi ya watu wa ofisini na pia kuvuta zaidi yao. Na huweza kuwa kinyume: wenye dozi kubwa wakivuta kidogo, madhara ya mionzi yatafichika. Upande huu wa pili husahaulika, nami naona si haki kwa wafanyakazi sigara itajwe tu pale inapopunguza lawama ya mionzi.

Watafiti wana njia za kuchunguza. INWORKS walipoiondoa saratani ya mapafu, asilimia 47 ilishuka hadi 46 tu, dalili kwamba sigara haikuwa imekuza matokeo. Wengine hutazama vifo vya magonjwa sugu ya mapafu yanayoletwa na moshi: vikipanda pamoja na dozi, wanaishuku sigara. Japani waliwauliza wafanyakazi wenyewe kwa dodoso, na makadirio yakapungua baada ya uvutaji kuhesabiwa.

Njia hiyo ya kuuliza ndiyo ninayoisisitiza. Kila anayetunza kumbukumbu za dozi aongeze maswali manne katika uchunguzi wa afya: umewahi kuvuta, ulianza ukiwa na umri gani, sigara ngapi kwa siku, uliacha lini.