Je, wajua kwa nini aliyepotea msituni hutandika kabla ya kuezeka?

Sisi wa pwani tukisikia baridi, fikra hukimbilia kujifunika. Ndiyo maana mtu wa Ngamiani, pale Tanga mjini, akipotea njia kwenye misitu ya Usambara jioni ya kipupwe, atahangaikia paa kwanza. Lushoto mjini tu ni kama mita 1400 juu ya bahari, na kila mita 1000 unazopanda hupunguza joto kwa takriban nyuzi 6. Usiku wa huko si wa mchezo. Lakini mwizi mkubwa wa joto lake yuko chini ya ubavu.

Udongo wenye unyevu hufyonza joto la mwili unaougusa, usiku kucha, wala hauchoki. Mwili wa nyuzi 37 ukishuka chini ya 35, ulimi huwa mzito, vidole havishiki, akili inayumba.

Kinga ni hewa iliyonaswa. Kumbuka godoro la sufi: jipya limefura, lina joto, likishashindiliwa miaka kadhaa, ni kama umelala sakafuni. Majani makavu hufanya kazi ile ile. Yarundike yafike magotini, kisha yalalie. Yakibonyea hadi chini ya shubiri moja, ongeza. Mabichi ni heri kuliko udongo mtupu, ila yana maji.

Sasa paa. Egemeza mti mrefu kwenye panda ya mti mwingine, panga fito ubavuni, ezeka kuanzia chini kwenda juu, kila safu ikilalia ya chini yake, kama makuti ya nyumbani. Mwinamo uwe mkali. Na kibanda kiwe cha kujipenyeza tu, maana jiko pekee humo ni mwili wako. Wengi hujenga ukumbi wakatetemeka ndani yake.

Bondeni usijenge. Hewa baridi ni nzito, hutiririka huko kama maji, na mto waweza kufurika kwa mvua iliyonyesha mbali. Kileleni kuna upepo. Chagua ubavu wa mlima uliojikinga, utazame juu kama kuna tawi kavu linaloning'inia. Tazama na chini: ukiona mstari wa siafu, hama hata kama umeshatandika. Wale hawapigi hodi.