Mtaala hauji na boti

Sisi wa Pemba tuna mazoea ya kusubiri boti. Mzigo wa dukani unaletwa na boti, magazeti yanaletwa na boti, na mgeni wa Wizara ya Elimu naye hushuka bandari ya Mkoani akapakiwa garini mpaka Chake Chake. Mazoea hayo yametufuata mpaka skuli. Mtaala tunauona kama furushi lililofungwa Mazizini, Unguja, iliko Wizara, na kazi yetu ni kulipokea, kulitia saini na kulifungia kabatini. Nimekuwa mwalimu wa taaluma, kisha mwalimu mkuu. Dhana potofu ninazozieleza hapa nimezisikia kwa walimu wenzangu na kwa wazee wa kamati ya skuli, na baadhi yake nilizibeba mwenyewe miaka mingi.

“Mtaala ni kile kitabu.”

Kitabu cha kiada ni chombo kimoja tu. Mtaala ni makubaliano mazima: mtoto ajue nini, aweze kufanya nini, awe mtu wa namna gani, afundishwe vipi na apimwe vipi. Chini yake kuna mihutasari ya masomo (silabasi), kisha vitabu na miongozo ya mwalimu, halafu azimio la kazi, yaani mpango wa muhula, na andalio la somo, yaani mpango wa kipindi. Hivi viwili vya mwisho haviandikwi na mtu wa Unguja, vinaandikwa na mwalimu wa darasa. Mmarekani Ralph Tyler aliyapanga mambo haya mwaka 1949 kwa maswali manne: tunataka kufikia nini, mtoto apitishwe kwenye mambo gani ili afike, mambo hayo yapangwe vipi, na tutajuaje kuwa amefika. Swali la “tuko ukurasa wa ngapi?” halimo katika hayo manne, nalo ndilo tunaloulizana kila siku ofisini.

“Mtaala wetu ni ule ule wa Bara.”

Hili linahitaji uangalifu, maana ni nusu kweli. Kwa Katiba ya Jamhuri ya Muungano, yaliyo ya Muungano ni elimu ya juu na Baraza la Mitihani la Tanzania. Elimu ya maandalizi na ya msingi si jambo la Muungano. Zanzibar ina Wizara yake, na Taasisi ya Elimu Zanzibar ndiyo yenye kazi ya kuandaa mitaala. Ndiyo maana Sera ya Elimu ya 2006 iliweza kuweka miaka sita ya msingi huku Bara wakiwa bado na saba, na ndiyo maana Kiarabu na Dini vimo kwenye ratiba yetu. Lakini mtoto huyo huyo akifika kidato cha nne na cha sita, mtihani anaoufanya ni ule wa Baraza hilo la Mitihani, pamoja na wenzake wa Bara. Kwa hivyo kiongozi wa skuli ya sekondari ana kingo mbili za kuziunganisha, mtaala wa Zanzibar na mtihani wa Baraza. Akisahau mmoja, mtoto atapita madarasa yote salama na kuja kuanguka mwishoni.

“Tumemaliza silabasi, basi mtaala umetekelezwa.”

Hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa ndipo nilipoumbuka.

Mwaka mmoja Hisabati ya darasa la sita ilimalizika kabla ya Septemba. Nilisimama mbele ya kamati nikajisifu. Msimu wa karafuu ukaingia, nikapita kwenye uwanja wa kuanikia nikamkuta mwanafunzi wangu amekaa kando ya jamvi akihesabu pishi, kile kipimo cha ujazo, za wachumaji. Kalamu hana, na hakosei. Nikamuuliza: ukianika kilo thelathini mbichi, utapeleka ngapi kituo cha kununulia karafuu? Akajibu bila kusita, “Kumi mwalimu, kama hazikupata mvua.” Ni sawa kabisa, karafuu ikikauka hubaki na takriban theluthi ya uzito wake. Nikamuuliza tena: basi ni asilimia ngapi ya uzito imepotea? Akaangalia chini. Asilimia tulifundisha Machi, na saini yangu ipo kwenye shajala la somo.

Wataalamu wa elimu hutenganisha mitaala mitatu: uliokusudiwa, ambao umeandikwa; unaofundishwa, ambao mwalimu anauingiza darasani; na unaopatikana, yaani kile kinachobaki kwa mtoto. Mimi nilikuwa naongoza wa kwanza tu. Mtoto alikuwa na hesabu yake kichwani na sisi tuna yetu ubaoni, na hapakuwa na mtu aliyezikutanisha.

Tulianza kubadilisha mambo kidogo kidogo. Kila Jumatatu nachukua madaftari kumi kutoka darasa moja, yoyote yale, yasiyochaguliwa na mwalimu. Nikiingia darasani nakaa nyuma na kuwatazama watoto zaidi kuliko ninavyomtazama mwalimu. Walimu wawili wa somo moja wanaandika andalio moja kwa pamoja, na mfano wa kwanza lazima utoke kwenye kitu ambacho mtoto amekishika kwa mkono wake: pishi na vibaba vyake vinne kabla ya lita, jamvi kabla ya eneo la mstatili. Lililotushinda ni mikondo miwili. Wa asubuhi wanatoka wakati wa jioni wanaingia, nami niliweka kikao saa ya mpishano, saa ambayo watu wanataka kusali na kula. Hakikudumu wiki tatu. Mwishowe tuliweka daftari kubwa ofisini: wa asubuhi anaandika watoto wamekwama wapi, wa jioni anasoma na kujibu. Limechakaa mpaka jalada limetoka, lakini linafanya kazi kuliko kikao.

“Umahiri maana yake watoto wacheze, mitihani imekwisha.”

Haikwisha. Mtaala wa umahiri unataka mtoto aoneshe kwamba anaweza kutenda, na mwalimu ampime hatua kwa hatua badala ya kungoja siku moja ya mwisho. Mwalimu bado anaeleza na bado anasahihisha. Wanaolalamika kwamba darasa lililojaa watoto halipimiki hivyo hawasingizii. Kwa darasa kama hilo mimi humwambia mwalimu apime kundi moja kwa siku na si wote, aandike majina machache, kesho aendelee na wengine.

“Mtaala mzuri ni wa Kiingereza.”

Wazee wananiambia hivi kwa nia njema kabisa. Lugha ya kufundishia ni uamuzi mmoja ndani ya mtaala, si kipimo cha ubora wake. Sera ya 2006 iliweka Hisabati na Sayansi zifundishwe kwa Kiingereza kuanzia darasa la tano. Mtoto aliyezoea kusoma mmea na mizizi yake kwa Kiswahili anaamka asubuhi moja kila kitu kimebadilishwa jina. Kiongozi anayeijua hatari hii hangoji darasa la tano. Anamketisha mwalimu wa Kiingereza wa darasa la nne pamoja na mwalimu wa Sayansi wa darasa la tano, watoe orodha ya maneno mapema, na mtoto aliyekwama aruhusiwe kueleza kwa lugha yake kwanza. Nicheke kidogo hapa: mwaka 1928, kikao cha Mombasa kilikichagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na leo mtoto wa visiwa hivi hivi anaomba radhi akikisema kwenye somo la Sayansi.

“Warsha ya siku mbili imetosha.”

Imetosha kwa kusaini posho. Mwalimu akirudi kutoka kituo cha walimu, wiki inayofuata afundishe kipindi kimoja kwa njia aliyoletewa, wenzake wakiangalia, na mshauri wa masomo aje kuona mwezi baadaye. Bila ya hivyo makabrasha yanageuka ya kufungia karanga.

“Wazee hawahusiki na mtaala.”

Historia yetu inasema vyengine. Wakoloni walipofungua skuli za serikali mwanzoni mwa karne ya 20, wazee wengi wa mashamba hawakupeleka watoto, kwa kuona kwamba hapo hapasomwi Kurani. Walibaki na watoto wao chuoni tu, yaani madrasa, mpaka serikali ikalazimika kuiingiza Kurani skuli. Huko nako ni kutunga mtaala.

Nasi yalitukuta madogo ya namna hiyo. Tuliweka masomo ya ziada alasiri, siku nne kwa wiki, na nusu ya darasa haionekani. Nikawalaumu watoto, nikawalaumu wazee. Bibi mmoja wa kamati akaniuliza: “Mwalimu, huko chuoni umekwenda kumuuliza ustadhi?” Sikuwa nimekwenda. Nilikwenda kesho yake baada ya sala ya Alasiri, tukakaa barazani na ratiba zetu mbili. Siku tatu kati ya zile nne zilikuwa zake. Tukabakisha Alkhamisi, ambayo chuo hakisomwi, na zile tatu tukazirudisha ndani ya vipindi vya kawaida.