Kabla ya kununua mbegu ya biringanya, soma bustani yako

Swali tunalopokea mara nyingi kutoka kwa wenye bustani za nyumbani ni fupi: aina gani ya biringanya ni bora? Nami hulirudisha kwa muulizaji. Bustani yako hupata joto kwa miezi mingapi? Una nafasi kiasi gani? Na mahali unapotaka kupanda, mwaka jana palikuwa na nini? Majibu ya maswali hayo huchagua aina ya mbegu vizuri kuliko picha iliyo juu ya pakiti.

Naelewa kwa nini picha hushinda. Biringanya ni zao lenye sura nyingi. Kuna la zambarau iliyokolea mpaka kukaribia weusi, jeupe kama yai, la kijani, lenye michirizi, la mviringo, la umbo la tone na jembamba lenye urefu wa mkono. Aina hizi zinazofahamika sana zote ni mmea mmoja, ambao wanasayansi huuita Solanum melongena. Umo katika familia moja na nyanya, pilipili, viazi mviringo na tumbaku. Undugu huo tutaurudia hapa chini, maana ndio unaoleta nusu ya matatizo.

Tuanze na joto. Mbiringanya hupenda joto kuliko nyanya. Hustawi vizuri kati ya nyuzijoto 21 na 30 za Selsiasi. Chini ya 15 hudumaa, na baridi ya kugandisha huuua. Joto likipita 35, maua mengi hudondoka bila kufunga tunda. Kwa hiyo mwenye msimu mfupi wa joto na mwenye joto mwaka mzima hawapaswi kununua mbegu kwa kufuata orodha moja.

Hapa ndipo watu wengi wanapoisoma pakiti vibaya. Pakiti ikisema siku 60, kwa kawaida hesabu hiyo huanza siku unapouhamisha mche kwenda bustanini, wala si siku unapofukia mbegu. Mche wenyewe unahitaji wiki 6 hadi 8 kitaluni. Aina ya siku 60 basi ni safari ya takriban miezi minne tangu mbegu hadi tunda la kwanza, na aina ya siku 80 inaweza kufika miezi minne na nusu. Nimeona watu wakiilaumu mbegu, wakidai ni mbovu, kumbe walianza kuhesabu mapema mno.

Chukua mfano wa Black Beauty, aina ya zamani iliyoingia katika soko la mbegu la Marekani mwaka 1902 na ambayo bado imejaa kwenye maduka ya mbegu duniani. Tunda lake ni kubwa, zito, jeusi linalong'aa. Linapendeza sana. Lakini huchukua siku zipatazo 75 hadi 80 baada ya kupandikizwa, na mmea mmoja hauna nguvu ya kulea matunda mengi ya ukubwa huo kwa wakati mmoja. Ukiwa na joto refu, udongo wenye mboji nyingi na nafasi ya kutosha, ipande. Ukiwa na msimu mfupi, unaweza kumaliza jasho lako lote kwa mabiringanya mawili matatu.

Kwa bustani nyingi za nyumbani, ushauri wangu ni huu, nao nautoa bila kusitasita: anza na aina nyembamba ndefu au zenye matunda madogo. Ichiban, ambayo ni chotara (mzao wa aina mbili tofauti zilizochanganywa), na Ping Tung Long, yenye asili ya Taiwan, huzaa matunda membamba ya zambarau yenye ngozi laini. Mmea wa namna hii huwahi kufunga tunda, ukichumwa hufunga jingine, na huendelea hivyo kwa wiki nyingi. Tunda dogo halihitaji muda mrefu kukua, hivyo siku chache za baridi au za joto kali hazikupotezei mavuno yote. Ubaya wake ni kwamba matunda marefu yakigusa ardhi hupinda na kuanza kuoza upande mmoja. Weka mti wa kuegemeza siku ile ile unayopandikiza, kabla mizizi haijasambaa, uufunge mmea kwa kamba laini.

Mwenye nafasi ndogo au anayepanda kwenye ndoo atafute aina fupi. Fairy Tale, yenye matunda madogo ya zambarau yaliyochorwa michirizi meupe, ilipata tuzo ya majaribio ya mbegu ya All-America Selections mwaka 2005. Hansel ilifuata mwaka 2008, nayo huzaa vishada vya matunda membamba. Ndoo ya lita 20 yenye matundu chini inatosha mmea mmoja. Usiweke miwili, hata kama miche ni midogo na ndoo inaonekana tupu. Ardhini, acha sentimita 45 hadi 60 kati ya mmea na mmea. Aina zenye umbo kubwa zipewe zaidi.

Rangi ina maana yake pia, ingawa si ile watu wanayodhani. Haikuambii sana habari ya ladha, lakini hukusaidia kuona tunda lililopitiliza. Biringanya jeupe huanza kuwa la manjano na la kijani nalo huelekea manjano, hivyo hata mgeni wa kilimo anaona. La zambarau iliyokolea hupoteza mng'ao kwanza, kisha hugeuka kahawia polepole, na jicho lisilozoea hulikosa. Baadhi ya aina nyeupe zina ngozi ngumu inayohitaji kumenywa. Rosa Bianca, aina ya Italia yenye weupe uliopakwa urujuani, ina nyama laini na inafaa kukatwa vipande vinene vya kukaanga au kuoka. Membamba marefu huiva haraka kwenye sufuria. Yale madogo ya kijani ya mviringo yana mbegu nyingi na hubaki magumu kidogo hata yakipikwa kwenye mchuzi. Fikiria unavyopika nyumbani kwako, kwa sababu aina inayozaa sana lakini hailiki itaishia kwenye shimo la mboji.

Kuhusu uchungu, kwanza niondoe imani moja iliyoenea: hakuna biringanya dume wala jike. Kila ua la mbiringanya lina sehemu zote mbili, na kovu la chini ya tunda, liwe la mviringo au refu, halikuambii idadi ya mbegu. Uchungu hutokana na aina yenyewe, na kiu, na zaidi sana kuchelewa kuchuma. Kata tunda: mbegu zikiwa nyeupe na laini, uliwahi. Zikiwa za kahawia na ngumu, ulichelewa. Aina nyingi za siku hizi zimechaguliwa kwa uchungu mdogo, lakini hakuna aina itakayokuokoa kama unaliacha tunda mtini ili liongezeke ukubwa. Chuma likiwa bado linang'aa, ukikata kikonyo kwa kisu au mkasi. Ukivuta kwa mkono utavunja tawi.

Sasa udongo, jambo ambalo ningependa kila msomaji alisome mara mbili. Kama mahali hapo palikuwa na nyanya, pilipili, viazi mviringo au biringanya katika miaka mitatu iliyopita, magonjwa ya familia hiyo huenda bado yanasubiri ardhini. Baya kuliko yote ni mnyauko bakteria. Mmea hulegea mchana ukiwa bado wa kijani, jioni huonekana kama umepata nafuu, na baada ya siku chache umekufa. Unaweza kuupima mwenyewe. Kata kipande cha shina karibu na ardhi, kining'inize ndani ya glasi ya maji safi, usiitikise. Ukiona uzi mweupe kama maziwa ukishuka kutoka kwenye mkato, ndio huo. Hakuna dawa ya kunyunyiza itakayouponya mmea huo. Ung'oe, uuchome, na usiutie kwenye mboji.

Kwenye udongo wa namna hiyo, tafuta aina ambayo muuzaji ameandika wazi kwamba inavumilia mnyauko bakteria, na utambue kwamba kuvumilia si kinga kamili. Njia madhubuti zaidi ni miche iliyobebeshwa: juu ni aina unayoitaka, chini ni shina la jamaa yake wa mwituni, Solanum torvum, ambalo hustahimili mnyauko huo na minyoo fundo, yaani minyoo wadogo wa udongoni wanaoshambulia mizizi. Miche hiyo ni ghali kuliko ya kawaida. Kwa mtu mwenye mimea minne nyumbani na udongo ulioambukizwa, naona gharama hiyo inafaa. Na kama hupati miche hiyo, panda kwenye ndoo yenye udongo mpya kutoka mahali pasipo historia ya mazao haya.

Minyoo fundo utaitambua ukiung'oa mmea uliodumaa na kukuta mizizi ina vinundu kama shanga zilizofungwa vibaya. Wadudu wa majani wako kila mahali: mbawakavu wadogo warukao kama viroboto, wanaoacha majani na matundu kama chujio, na utitiri mwekundu unaopenda ukavu. Hakuna aina ninayoweza kuisifia kwamba wadudu hawaigusi. Miche yenye nguvu, ikifunikwa chandarua chembamba katika wiki za mwanzo, hupita salama. Maua yakitokea, ondoa chandarua. Mbiringanya hujichavusha wenyewe, lakini chavua yake hutoka kupitia vitundu vidogo na inahitaji kutikiswa. Nyuki wakubwa wavumao hufanya kazi hiyo vizuri sana, na pasipo nyuki, gusa shina asubuhi kwa kidole.

Baadhi ya maua yatadondoka hata katika hali nzuri. Yale ambayo kijiti chake cha katikati ni kifupi, kimejificha ndani ya sehemu za manjano, kwa kawaida hayafungi tunda. Yenye kijiti kirefu kinachojitokeza ndiyo ya kutegemea. Usikimbilie kununua mbolea kwa sababu ya maua machache yaliyoanguka. Samadi nyingi mno hukupa majani mapana na matunda haba.

Mwisho ni suala la chotara na mbegu za uchavushaji huria, yaani zisizo chotara, ambazo huzaa mmea unaofanana na mzazi wake. Chotara huzaa kwa wingi na kwa usawa, lakini mbegu utakayoitoa ndani ya tunda lake haitazaa kitu kile kile. Ukitaka kuwa na mbegu yako mwenyewe, chagua Black Beauty, Rosa Bianca, Ping Tung Long au nyingine isiyo chotara. Panda aina mbili mwaka wa kwanza, mimea miwili miwili, uone ipi inaipenda ardhi yako. Kwa kuwa wadudu huchanganya chavua, funika maua machache ya aina unayoipenda kwa mfuko wa kitambaa chepesi mpaka tunda lifunge, kisha weka alama ya uzi kwenye kikonyo. Liache tunda hilo mtini mpaka ligeuke manjano au kahawia na kulegea. Likate, kwangua mbegu ndani ya bakuli la maji, mwaga zinazoelea, anika kivulini zile zilizozama. Zikikauka kabisa, zitie kwenye bahasha yenye jina la aina na mwaka, uiweke mahali pakavu pasipo joto. Mbegu hizo zitaota vizuri kwa miaka minne hivi.