Kazi ya kikundi mtandaoni: nani kaandika nini?

Mwalimu yeyote aliyewahi kutoa kazi ya kikundi anaijua hali hii: majina matano juu ya karatasi, mwandiko mmoja chini yake. Mmoja kafanya, wanne wametegea, na alama wanagawana sawa. Walimu wengi wanaokuja kwenye mafunzo yetu hutarajia kwamba kazi ikihamia mtandaoni ugonjwa huu utapona wenyewe. Hauponi. Mtu anaweza kutegea kwenye kompyuta kama anavyotegea kwenye karatasi. Tofauti ni kwamba sasa anaonekana.

Anaonekana kwa sababu ya namna hati za pamoja zilivyotengenezwa. Mwezi Machi 1995, mtaalamu wa programu wa Marekani, Ward Cunningham, aliweka mtandaoni wiki ya kwanza: ukurasa ambao anayeusoma anaweza pia kuuhariri. Jina alilitoa kwenye Kihawaii, ambako "wiki wiki" ni haraka haraka (wenzetu nao hurudufu neno kama sisi). Wikipedia ilijengwa juu ya wazo hilo mwaka 2001, na ile ya Kiswahili ikafuata 2003. Programu kama Google Docs na Etherpad zikaongeza jambo moja: hakuna kungojana, wote mnaandika kwa wakati mmoja.

Hilo linawezekanaje bila maneno kugongana? Kompyuta haitumi hati nzima kila unapogusa kitufe. Inatuma tendo tu: weka herufi fulani nafasi ya 12, futa ya nafasi ya 30. Mwenzako akiwa ameongeza neno mwanzoni mwa mstari sekunde hiyohiyo, programu inazipiga hesabu upya nafasi zako ili herufi itue ulipokusudia. Mbinu hii watafiti waliieleza tangu 1989. Na kwa kuwa mabadiliko hupita moja moja, hubaki na kumbukumbu ya nani kafanya nini na lini. Walimu wengi hawajawahi kuifungua kumbukumbu hiyo, inayoitwa historia ya matoleo, nami naiona kuwa ndiyo sehemu yenye faida kuliko zote.

Chukua kikundi kimoja cha sayansi nilichokaa nacho. Mwanafunzi wa kwanza aliandika: "Maji hugeuka mvuke yakichemka." Sentensi ikakaa hapo siku nzima, safi, hakuna aliyeigusa. Kesho yake mwenzao akaweka swali pembeni: "Mbona nguo hukauka bila kuchemshwa?" Mwandishi akafuta neno "yakichemka", akalirudisha, akafuta tena. Mwanafunzi wa tatu akaongeza kwamba maji huondoka kwenye uso wake katika joto lolote, ila yakichemka mvuke hutoka mpaka ndani yake. Karatasi ya mwisho ingeonyesha sentensi mbili sahihi, basi. Historia ilituonyesha vichwa vitatu vikifikiri.

Mazungumzo ya aina hiyo hayaji yenyewe. Ukisema tu "andikeni insha kuhusu mvuke", watagawana aya, kila mmoja atabandika yake, na hakuna atakayesoma ya mwenzake. Toa kazi ambayo kipande kimoja hakikamiliki bila kingine: mmoja apime, mwingine aeleze vipimo, wa tatu atafute kasoro, halafu wiki inayofuata wabadilishane. Dai kila mmoja aache maoni mawili pembeni, na maoni yawe swali au ushahidi. "Nzuri sana" isihesabiwe. Nimeona kurasa zilizojaa "nzuri sana" kuanzia juu hadi chini, na kosa la wazi limekaa katikati limetulia.

Idadi nayo ina neno. Mara yangu ya kwanza niliwaingiza wanafunzi arobaini kwenye hati moja. Hazikupita dakika kumi, mmoja akachagua maandishi yote na kuyafuta. Kelele zilizofuata sitazisahau. Tulirudisha toleo la kabla ya hapo kwa mibofyo michache, na tangu siku hiyo naanza somo la kwanza kwa kufuta hati makusudi ili kila mtu aone inavyorudishwa. Google Docs inaruhusu watu hadi 100 kuhariri pamoja, lakini wanne au watano wanatosha.

Shule isiyo na intaneti ya uhakika isikate tamaa. Moodle, programu ya kuendeshea masomo mtandaoni iliyotoka 2002, na Etherpad ni programu huria: yeyote anaruhusiwa kuzitumia. Fundi anaweza kuziweka kwenye kompyuta moja ya shule, na vifaa vingine vikaunganishwa nayo kwa Wi-Fi ya ndani bila bando hata kidogo.

Jambo la usalama ni fupi ila halina mjadala. Usiache hati kwenye mpangilio wa "yeyote mwenye kiungo anaweza kuhariri". Kiungo kikishatumwa kwenye kundi la simu hujui kitaishia wapi. Huduma nyingi haziwafungulii akaunti binafsi watoto wa chini ya miaka 13, kutokana na sheria ya Marekani ya 1998, kwa hiyo tumieni akaunti zinazosimamiwa na shule. Kazi ikikamilika na mkitaka kuichapisha kwenye blogu ya shule, wekeni majina ya kwanza tu, bila picha za sura, na maoni ya wasomaji yapitie kwa mwalimu kwanza.

Katika kusahihisha, toa alama moja ya kikundi na nyingine ya mtu binafsi kutokana na historia, lakini usihesabu maneno. Yule aliyeuliza kuhusu nguo aliandika matano tu katika sehemu ile, na ndiye niliyempa alama ya juu kuliko wenzake.