Nia njema si kibali: neno kwa wanaojifunza udukuzi

Barua pepe za aina moja zinazidi kufika kwenye kitengo chetu. Kijana ameskani (amechunguza kwa programu) tovuti ya taasisi isiyomhusu, ameona mwanya wa usalama, sasa anaomba malipo ndipo auonyeshe. Mwanya mara nyingi ni wa kweli. Asichojua ni kwamba amekiri kosa kwa maandishi yake mwenyewe.

Utamaduni wa wadukuzi tunauheshimu. Ulikua miongoni mwa wanafunzi wa MIT, chuo cha teknolojia cha Marekani, waliopenda kufungua vitu ili wajue vinafanyaje kazi, na kutoka kwenye udadisi wa namna hiyo tumepata zana kama Nmap, programu ya kuchunguza mitandao, inayotolewa bure tangu 1997. Lakini udadisi haumkingi mtu mahakamani. Robert Tappan Morris, mwanafunzi wa Marekani, alipoachia programu yake inayojieneza yenyewe mtandaoni mwaka 1988, alisema hakukusudia madhara. Mahakama ya rufaa ya Marekani ilijibu mwaka 1991 kwamba inatosha kuwa aliingia kwa makusudi bila idhini. Adhabu yake: miaka 3 chini ya uangalizi, saa 400 za kazi za jamii na faini ya dola 10,050. Uingereza, chini ya sheria ya 1990 ya matumizi mabaya ya kompyuta, kuingia tu bila idhini kunaweza kukugharimu kifungo cha hadi miaka 2. Ukiharibu au ukikwamisha mfumo, hadi 10.

"Lakini tovuti iko wazi kwa kila mtu!" Hapana. Iko wazi kusomwa. Tunalirudia hili kila siku.

Kibali cha kupima usalama wa mfumo kiwe cha maandishi, chenye saini, na kitaje anwani za IP (namba za kompyuta mtandaoni) na vikoa (majina ya tovuti) vinavyopimwa, tarehe ya kuanza na kumaliza, mbinu zilizokatazwa, na namba ya kupiga usiku mambo yakiharibika. Kisha uliza: aliyesaini ana mamlaka? Septemba 2019 wapimaji wawili wa usalama walikamatwa usiku ndani ya mahakama ya kaunti ya Dallas, jimbo la Iowa. Mkataba walikuwa nao, wa idara ya mahakama ya jimbo; sherifu akashikilia kwamba jengo ni la kaunti. Mashtaka yalifutwa Januari 2020, baada ya miezi ya mahangaiko kwa watu waliokuwa kazini.

Anayejifunza ana pa kujifunzia: DVWA na Juice Shop ya OWASP (shirika la usalama wa programu) ni tovuti za mazoezi zilizotengenezwa zikiwa na kasoro kwa makusudi. Ziweke kwenye mashine pepe (kompyuta inayoendeshwa kama programu ndani ya kompyuta yako) isiyoguswa kutoka mtandao wa nje.

Ukikutana na mwanya kwa bahati, simama hapo hapo. Usipakue rekodi hata moja "kwa ushahidi". Andika hatua ulizopitia na saa. Tafuta faili la security.txt, linaloeleza mianya iripotiwe kwa nani, ambalo mahali pake kwenye tovuti ni ndani ya folda ya .well-known, utume taarifa kwa anwani iliyomo bila kutaja fedha. Kama taasisi ina mpango wa zawadi kwa wanaoripoti mianya, masharti yake yameandikwa. Yasome kabla hujaskani chochote.